Mwarobaini: kuogea sawa, kunywa kuna mipaka, mtoto mdogo hapana

Dada uliyeuliza kama unaweza kumnywesha mwanao wa mwaka mmoja na nusu maji ya mwarobaini akipata homa, na kama wewe mwenye mimba changa unaweza kunywa kikombe kila asubuhi "kusafisha damu": kwa yote mawili jibu langu ni hapana. Nimelelewa na mti huu na mpaka leo nautumia, kwa hiyo siuchukii.

Kwenye ngozi ndiko ninakouamini. Tukiwa wadogo, tetekuwanga ikiingia nyumbani majani mabichi yalichemshwa, maji yakaachwa yawe vuguvugu, tukaogeshwa. Muwasho ulikuwa unapungua kweli. Kwa upele ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi, India ilichapishwa ripoti mwaka 1992: watu 814 walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa na manjano, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo, lakini matokeo hayo si ya kupuuza. Ila jaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono, maana kuna ngozi zinazoukataa, na mkitibu upele tibuni nyumba nzima, pamoja na kufua nguo na mashuka.

Kunywa ni habari nyingine. Mama yangu ana kisukari na anameza vidonge vya kushusha sukari. Alipoongeza chai ya mwarobaini, akaanza kutoka jasho, kutetemeka na kupoteza maneno katikati ya mazungumzo. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Jani hili linashusha sukari, na hapo ndipo hatari ilipo kwa anayemeza dawa: viwili vinasukuma upande mmoja. Daktari wake alimwachisha chai, naye akatulia.

Kuhusu mimba: wanyama wa maabara waliopewa dawa iliyokamuliwa kutoka mti huu walipoteza mimba, na India umetumika tangu zamani kuzuia uzazi. Hiyo inanitosha kukuambia usiuonje hadi ujifungue. Hata mwanamume anayetafuta mtoto asiufanye kinywaji cha kila siku, kwani panya dume waliopewa majani mbegu zao zilipungua.

Malaria nayo inawaponza wengi. Kemikali za mwarobaini zimeua vimelea ndani ya chupa za maabara, na uchungu wake unafanana na wa kwinini, basi mtu anaona ameshapata dawa. Uchungu si kipimo cha nguvu ya dawa. Malaria kali inaweza kupanda kichwani mwa mtoto haraka sana wakati bado mnasubiri majani yafanye kazi. Mtoto akichemka, apimwe damu, na ikionekana malaria apewe dawa mseto.

Mafuta ya mbegu ndiyo ya kuogopa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo kwa maradhi madogo madogo: walitapika, wakasinzia, wakahema haraka, wakapata degedege ndani ya saa chache. Kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilitosha, na wapo waliofariki. Jani si mafuta, najua, lakini sufuria ya nyumbani haina kipimo: leo maji ni mepesi, kesho yamekolea, na ini la mtoto ni dogo.

Tena hakikisha mti wenyewe. Upo mwingine unaofanana nao, Melia azedarach, wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika mara mbili, na matunda yake ni sumu. Mwarobaini maua yake ni meupe, na vijani vyake vimepangwa moja kwa moja kwenye kikonyo kimoja.

Kama mtoto alishanyweshwa na sasa anatapika au amelegea, usimtapishe wala usimpe maziwa ya "kuua sumu". Mkimbize hospitali ukiwa na chupa au majani yaleyale, na uwaambie bila kuficha alikunywa nini na lini.