Jengo la Benki Lililoshindwa kwa Mita 36

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika picha za New York huonekana jengo refu lenye paa la kijani lililochongoka, karibu na soko la hisa. Nimeambiwa kuwa lilijengwa kwa ajili ya benki na liliwahi kuwa refu kuliko yote duniani. Je, ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, jengo hilo liko namba 40, Wall Street, na kwa jina la awali ni Bank of Manhattan Trust. Historia yake inatangulia ghorofa hizo kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1799, homa ya manjano ilipokuwa imeutesa mji, mwanasiasa Aaron Burr aliliomba bunge la jimbo kibali cha kampuni ya kusambaza maji safi, na ndani ya hati hiyo akapenyeza kifungu kilichoruhusu mtaji wa ziada utumike katika shughuli nyingine za fedha. Mwaka huohuo kampuni ilifungua benki, tena hapohapo namba 40, huku maji yakipitishwa katika mabomba ya magogo yaliyotobolewa. Wakazi waliahidiwa maji wakapewa benki, na kwangu mimi hilo ni kosa kubwa lisilostahili kusahauliwa.

Kuhusu urefu, jibu linategemea kipimo. Mwaka 1929 msanifu H. Craig Severance alishindana na William Van Alen, aliyewahi kuwa mshirika wake kikazi, ambaye alikuwa akijenga jengo refu la Chrysler katika mji huohuo. Severance alizidi kuongeza ghorofa hadi akafikia mita 283, akiamini kuwa amemaliza ubishi, kumbe Van Alen alikuwa ameunganisha kwa siri, ndani ya jengo lake, mnara mwembamba wa chuma wa mita 56, akausimamisha tarehe 23 Oktoba kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Chrysler likafika mita 319. Wanaoitetea benki husema kuwa jengo lao, lililojengwa kwa yapata miezi 11 tu, lilikamilika mwaka 1930, muda mfupi kabla ya Chrysler. Na wasanifu washauri wake, Shreve na Lamb, walidai hadharani kuwa sakafu yake ya juu inayotumika iliipita ile ya Chrysler. Hoja ya sakafu naiona nzito, kwa sababu watu hawafanyi kazi ndani ya ncha ya chuma. Hata hivyo, mwaka 1931 jengo la Empire State, kazi ya haohao Shreve na Lamb wakiwa na Harmon, liliyapita yote mawili kwa kufikia mita 381.

Mwaka 1946 ndege ya jeshi iliyopotea katika ukungu iligonga ghorofa ya 58, na wote watano waliokuwamo wakafariki. Mwaka 1955 benki iliungana na Chase National, ikawa Chase Manhattan, kisha ikajijengea makao mapya jirani. Tangu 1995 jengo limekuwa chini ya Donald Trump kwa mkataba wa ukodishaji wa ardhi, na katika ramani za leo litafute kwa anwani yake, 40 Wall Street.