Nina PCOS na tumbo linajaa gesi, nitumie dawa ya kuyeyusha uvimbe?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 27, nipo Mwanza. Nilipiga ultrasaundi nikaambiwa nina PCOS, ile hali ya homoni kuvurugika na ovari (mifuko ya mayai) kujaa vijifuko, nikaandikiwa vidonge vya metformini, ile dawa ya sukari, vya miligramu 500, viwili asubuhi viwili jioni. Tangu nianze tumbo linajaa gesi, naharisha, ikifika jioni sketi ya kazini haifungi. Kuna dada anauza dawa mtandaoni kaniambia ni ule uvimbe wa kwenye ovari unabana utumbo, nikitumia dawa yake utayeyuka utoke wenyewe. Niichanganye na vidonge au niache vidonge?

JIBU: Marahaba. Ya huyo dada usiinunue kabisa. Vidonge navyo usivitupe, rudi kwa aliyekuandikia umwambie unaharisha, maana vinne kwa siku tangu siku ya kwanza ni vingi kwa tumbo ambalo halijazoea. Kawaida tunaanza na kimoja, unakimeza katikati ya chakula cha jioni, baada ya wiki moja au mbili unaongeza kingine, hivyo hivyo taratibu. Zipo pia zinazoyeyuka polepole tumboni, hizo wengi wanazivumilia vizuri. Kama dozi imepunguzwa na bado gesi iko palepale ndo tuangalie mengine, maziwa unayokunywa, vidonda vya tumbo, au utumbo wenyewe kuwa msumbufu, kitu ambacho wenye PCOS wanacho zaidi kuliko wenzao.

Sasa huo "uvimbe". Hapa ndo nachoka. Vile vinavyoonekana kwenye ultrasaundi ni vijifuko vya milimita 2 mpaka 9, kila kimoja kina yai changa ndani, na kila mwanamke anavyo, ila kwako homoni zimevifanya vikwame njiani visikomae ndo maana vinaonekana vingi, 20 na zaidi kwenye ovari moja. Ovari nzima na vijifuko vyake inajaa kama vijiko viwili vya chai au kuzidi kidogo, hiyo itabana utumbo gani? Na tuseme ipo kweli dawa ya kuviyeyusha, si utakuwa umeyeyusha mayai yako mwenyewe? Wapo wenye PCOS ambao ovari zao kwenye picha ziko safi kabisa, tumewajua kwa hedhi zinazoruka na homoni za kiume kuwa juu, wao sijui huyo dada atawayeyushia nini.

Halafu kuna hizi lulu, vile vifuko vidogo vya mitishamba vya kuweka ukeni. Natumiwa picha jamani, mtu kaweka kitu cheupe kinachovutika juu ya tishu, "dokta uvimbe umetoka". Huo ni ute na ngozi ya uke iliyoungua na dawa, kijifuko cha kwenye ovari hakina njia ya kutokea huko, na kwenye choo ndo hakifiki kabisa. Chai za detoksi nazo nyingi zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha, unaamka tumbo limeshuka unafurahi kumbe umepoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo unapiga ovyo. Wewe unaharisha tayari, ukiongeza hiyo juu ya metformini figo zinaweza kuzidiwa na metformini ikajikusanya mwilini. Hilo muuzaji hakwambii kwa sababu halijui.

Ukipata maumivu makali ya ghafla upande mmoja huku unatapika, usisubiri, ovari inaweza kuwa imejisokota. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, au kuharisha mpaka usiku kunakuamsha usingizini, nenda hospitali pia, usiseme ni PCOS tu.

Na nyie wengine mnaosoma, kitu ambacho wauza dawa hawawaulizi hata siku moja ni mara ya mwisho umeona hedhi lini. Mtu anakaa miezi 6 haoni, anakunywa chai ya kusafisha kizazi, huku ukuta wa ndani wa kizazi unazidi kuwa mnene, na ukiachwa hivyo miaka unaweza kufika kwenye saratani. Miezi mitatu ikipita bila hedhi pima mimba kwanza, kama hamna nenda kliniki upewe vidonge vya kuileta, ni vya siku chache tu. Anayetafuta mtoto naye zipo dawa za kukomaza yai, letrozole ndo tunaanza nayo, na inaandikwa na daktari baada ya vipimo, mume naye apimwe.