Mwalimu mpya, anza na daftari

Kama mwaka huu umepangiwa darasa la awali kwa mara ya kwanza, huenda kati ya watoto utakaowapokea yumo mwenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayobadili namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika kila watoto mia hivi, mmoja anao, na madarasa yetu unayajua yalivyojaa. Hatakuja na karatasi ya hospitali. Atakuja na majina ya mtaani: bubu, mkaidi, ana majini, kadekezwa na bibi yake.

Mimi nimefundisha awali miaka kumi na tisa hapa Tanga, na wa kwanza kumpata nilimkosea. Alikuwa na miaka mitano. Nikimwita hageuki. Nikaona ni kiburi, nikawa namsimamisha nje karibu kila siku, wiki tatu nzima. Asubuhi moja mpishi akafungua bomba nyuma ya jiko, mbali kiasi kwamba mimi nililisikia kwa taabu. Yule mtoto akainuka mbio akaenda kuyatazama maji. Kumbe anasikia, na anasikia kuliko mimi. Wiki tatu nilikuwa namwadhibu kwa jambo nisilolijua, na mama yake alikuwa ananishukuru kwa kumfundisha adabu. Hilo bado linaniuma.

Tangu hapo nina daftari, na ndilo ninalokuomba uanze nalo. Andika ulichokiona, usiandike ulichokifikiri. “Ni mkaidi” hukukiona popote. “Saa mbili na robo nilimwita mara nne, hakugeuka. Kengele ilipogongwa aliziba masikio akaingia chini ya dawati” hicho ndicho ulichokiona. Weka tarehe, weka na kilichotangulia.

Usidhani ni kazi ndogo. Mwaka 1938 wakili mmoja wa mji wa Forest, huko Mississippi, Marekani, alimwandikia daktari Leo Kanner barua ya kurasa 33 kumweleza mwanawe, Donald Triplett: anavyokula, anavyozungusha vitu, anavyoonekana kutowajali watu. Mwaka 1943 Kanner akachapisha makala kuhusu watoto 11 wenye hali hii tunayoiita usonji, na Donald ndiye wa kwanza kuelezwa humo. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Daktari anategemea anachokiona mwenyewe na anachosimuliwa na wanaoishi na mtoto. Donald, kwa taarifa yako, alimaliza chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari lake, akafariki 2023 akiwa na miaka 89.

Sasa utazame nini? Kwangu mimi cha kwanza ni kidole. Mtoto wa mwaka na nusu akiona ndege angani hunyoosha kidole, kisha hugeuka kukutazama wewe. Ndege hamtaki, anataka mumwone pamoja. Kwa mtoto mwenye usonji jambo hili mara nyingi halipo au huchelewa sana. Akitaka kikombe, anaushika mkono wako anauweka juu ya kikombe bila kukutazama. Utaona pia anayerudia maneno: unamuuliza “Unataka maji?” naye anajibu “Unataka maji?”, na kweli ana kiu. Hakudhihaki. Utaona anayepanga vizibo vya soda mstari mmoja asubuhi nzima, na ukisogeza kimoja analia kama aliyefiwa. Utaona asiyekula ila wali mkavu, anayetembea kwa ncha za vidole, anayepunga viganja akifurahi. Alama moja peke yake haitoshi. Ila mtoto aliyekuwa na maneno, kisha maneno yakapotea, huyo usimngojee: mzazi aambiwe wiki hiyohiyo.

Kuna mitego miwili ya hapa kwetu ambayo hutaikuta kwenye karatasi za kigeni. Zinasisitiza sana macho, kwamba mtoto mwenye usonji hatazami watu usoni. Lakini watoto wetu wengi wamefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kwa hiyo usimpime kwa anavyokutazama wewe mwalimu. Mtazame akiwa na wenzake wanapocheza kombolela. Mtego wa pili ni lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kisambaa tupu akiingia darasa la Kiswahili anaweza kunyamaza miezi miwili, na hana tatizo lolote. Uliza nyumbani wanazungumza nini.

Na masikio yapimwe kwanza, hata kama kisa changu cha bomba kimekushawishi. Mtoto anaweza kusikia sauti moja asisikie nyingine.

Wasichana nao wanatupita. Yule anayekaa kimya pembeni, anayeiga wenzake kila hatua, hasumbui mtu, tunamwita mpole. Mpe naye ukurasa.

Kuongea na mzazi ndiko kugumu. Usimsimamishe getini mbele ya watu. Mwite, mpe kiti, msalimiane mpaka mwisho, halafu anza na anachokiweza mtoto. Neno usonji liache, wewe si daktari. Msomee daftari, kisha muulize, “Na nyumbani, Mama, huwaje?” Mara nyingi atalia, maana alijua siku nyingi na hakuna aliyemuuliza. Pengine ukoo wa mume umeshamtupia lawama. Mwambie bila kusita kwamba si malezi yake. Madaktari waliowahi kuwalaumu akina mama kwa ubaridi wa mapenzi walikosea. Akiuliza chanjo, mjibu: makala ya 1998 iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji ilifutwa 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha, The Lancet. Na akitaja mtu anayeuza dawa ya kuuondoa usonji, mzuie asitoe hela yake. Dawa hiyo haipo. Kinachotibika ni vinavyoambatana nao kwa baadhi ya watoto, kama kifafa, na hicho kina dawa hospitalini.

Darasani usingoje majibu ya hospitali. Chora ratiba ya siku ukutani kwa picha: uji, kuimba, kucheza, nyumbani. Kabla ya kengele mwambie, au mtoe nje mapema. Sema maneno machache, “Kaa hapa,” badala ya hotuba ya kwa nini asisimame. Vizibo vyake mwachie. Nilimwachia mmoja, akajifunzia kuhesabu kwavyo kabla ya darasa zima.

Siku mama anapokwenda hospitali ya wilaya, nakili kurasa zako kwa mwandiko unaosomeka, weka tarehe zote, sahihi yako na namba ya simu ya shule. Nakala nyingine mpe afisa elimu maalumu wa halmashauri. Daftari lenyewe libaki kwako, na uendelee kuandika.