Mama ameombwa namba ya siri ili bima yake isifungwe

Ndugu yangu wa Ujiji, umeeleza kwamba mama yako mwenye miaka 71 amepigiwa simu na mtu aliyejiita ofisa wa bima ya afya, akamtaka atume fedha na kutaja namba yake ya siri ili kadi isifungwe. Huyo ni tapeli, kwa kuwa ofisa halali hana haja na namba ya siri ya mtu yeyote. Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, wazee wengi wamesikia kuwa kuna mabadiliko bila kuelezwa vizuri, na hofu hiyo ndiyo matapeli wanayoichezea.

Ikiwa namba ya siri ameshaitaja, ibadilisheni sasa hivi, kabla hata ya kwenda polisi. Mweleze mama, kwa upole, kwamba kumkatia simu mtu wa namna hiyo si utovu wa adabu. Nalisisitiza hili kwa sababu wazee wetu huona haya, wakaendelea kusikiliza hadi wakanaswa. Namba iliyompigia iripotini kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Kuhusu kadi, mpeleke mwenyewe ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) hapo Kigoma mjini, aulize dirishani.