Miguu inapowaka moto usiku

Kama nyumbani una mgonjwa wa kisukari anayelalamika miguu inawaka moto usiku, usimrundikie vidonge vya maumivu vya duka la dawa. Mama yangu, hapa Ngamiani, Tanga, alivimeza muda mrefu bila nafuu. Vingi vya aina hiyo hutuliza uvimbe, na kilichoumia kwake ni neva zenyewe. Tena baadhi yake, vikitumiwa mfululizo, huumiza figo ambazo kisukari tayari kinazitafuna. Mwelezeni daktari wa kliniki waziwazi: panawaka, panachoma, usiku ndiyo zaidi. Mama aliandikiwa amitriptilini, dozi ndogo ya kulalia. Maumivu hayakwisha, lakini usingizi ulirudi.

Nilipotaka kujua kwa nini neva huuma hivyo, nikaanza kusoma. Neva ya maumivu hupeleka habari kwa kuingiza sodiamu kupitia vijilango vya protini. Kimoja, Nav1.7, hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo SCN9A. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza habari za familia tatu za kaskazini mwa Pakistan zenye watoto waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa mbovu. Hawakuwahi kusikia maumivu maishani. Mtoto wa kwanza kuwavutia watafiti hao, wa eneo hilohilo, alikuwa akijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa mbele ya watu. Alikufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Kisa hicho hakinitoki. Tangu nikisome, simwombei tena mama asisikie maumivu kabisa, namwombea yapungue.

Mwaka 2021 watafiti wa San Diego, Marekani, waliwadunga panya mgongoni zana ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR, iliyorekebishwa isikate DNA, bali iizuie jeni hiyo isisomwe. Vijilango vikapungua, maumivu yakapungua kwa miezi kadhaa, na panya wakaendelea kutembea kama kawaida. Nimefurahi mno kusoma hayo. Lakini hao ni panya, na anayekuja mtaani kukuuzia dawa ya jeni kwa ajili ya miguu anakuibia.

Kwa sasa kazania miguu yenyewe. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Maji ya kuoga yapime wewe kwa kiwiko, na mgonjwa asitembee pekupeku hata uani, kwa kuwa neva zilezile zinazowaka huweza kufa ganzi, akakanyaga msumari asijue. Ukiona kidonda, hata kidogo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.