Kinasa Hakitakusikilizia: Kwa Mnaorekodi Hosteli kwa Mara ya Kwanza

Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, kila muhula zoezi la kurekodi hosteli likitolewa, faili zinazoletwa ni zile zile: mvumo, mlango unaopasua masikio, kisha mvumo tena. Hosteli za Nairobi zimejaa sauti. Zisikilizeni kabla ya kubonyeza chochote.

1. Keti dakika kumi bila hedifoni, kalamu mkononi. Andika kila sauti, inakotoka, iko mbali kiasi gani, inadumu au inapita. Mtunzi wa muziki Mkanada, R. Murray Schafer, alitenga sauti za chinichini tulizozizoea hadi hatuzisikii, zile zinazotaka tugeuke, na zile zinazotambulisha mahali. Kando ya Thika Road, ya kwanza ni magari na ya pili ni honi ya matatu. Ya tatu itafuteni wenyewe, na msiniletee hadada wa alfajiri: huyo analilia karibu Nairobi nzima.

2. Zima otomatiki, yaani kinasa kujipangia chenyewe kiwango cha kupokea sauti. Hapa ndipo kazi nzuri nyingi zinapofia. Saa tisa usiku korido ikiwa kimya, kinasa kilicho kwenye otomatiki hujipandisha chenyewe kikitafuta cha kunasa, na kinachopata ni mvumo wa balasti (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa ya tyubu) pamoja na mchakacho wa saketi zake. Mtu akibamiza mlango, kinajishusha ghafla. Sekunde zinazofuata ndizo ulizokuwa ukizitaka: ndara zikiburuzwa kuelekea bafuni, mfuniko wa ndoo, bomba likikohoa hewa kabla ya maji kutoka. Zote zimezama, na kinasa kikijipandisha tena, mtu keshapita. Ukiziinua baadaye kwenye programu, mchakacho unapanda nazo. Umbali nao umevurugika: mlinzi anayekohoa getini anasikika karibu sawa na jirani aliye nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo weka kwa mkono: faili ya WAV, sampuli 48 kHz, biti 24. Mwombe mwenzako wa chumba aubamize mlango kama kawaida yake, rekebisha geini (kiwango cha kupokea sauti) hadi kilele kifike karibu na desibeli -12, kisha usiiguse tena. Sehemu za kimya zitaonekana ndogo mno kwenye skrini. Ziache; biti 24 zina nafasi ya kutosha. Kilele kikipita sifuri, ambayo ndiyo mwisho wa kipimo, wimbi limekatwa kichwa na halirudi. Simu nyingi hujirekebisha bila kukuuliza, basi tafuta programu inayokuachia geini.

3. Stima yetu ni Hz 50, hivyo balasti na transfoma huvuma kwa Hz 100 na vizidishio vyake. Zima friji, ng'oa chaja, sogea mbali na tyubu. Stima ikipotea, kimbilia nje na kinasa: kabla jenereta za majirani hazijawaka, kuna dakika chache ambapo mtaa mzima unasikika hadi mbali, na nafasi hiyo haipangiki.

4. Upepo: sponji ndani, manyoya nje. Kichujio kinachokata sauti nzito chini ya Hz 80 kinasaidia, ila kizime ukirekodi jenereta.

5. Maji yastahili siku yake. Mtungi wa lita 20 unapojaa, nafasi ya hewa inapungua na sauti inapanda, ndiyo maana mtu wa hosteli hufunga bomba kwa wakati bila kutazama. Weka maikrofoni sentimita 40 kutoka mdomo wa mtungi, pembeni, isirushiwe matone. Rekodi kuanzia mtungi ukiwa mtupu. Ukianzia katikati umepoteza mwanzo wa mpando. Birika nalo huvuma zaidi kabla ya kuchemka, viputo vinapopasukia kwenye maji yaliyo baridi zaidi juu yake, kisha hutulia. Wengi huzima kinasa mvumo ukipungua, wakati mchemko wenyewe ndio unaanza.

6. Sauti ya mtu anayetambulika ni data yake, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Omba ruhusa, au futa.

7. Mwanzoni mwa kila faili tamka tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Mwishoni acha dakika nzima ya chumba kitupu. Utaihitaji kuziba viraka wakati wa kuhariri.