Fedha au nikeli kwa sanamu ya joka?

Ndugu, umeuliza joka lako la shaba ulipakishe fedha au nikeli ili ling'ae muda mrefu. Hapa Goma fedha usiichague kabisa. Fedha ikikutana na gesi ya salfa inageuka nyeusi, na moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo unayo. Kila ukiisugua, tabaka linapungua. Kwenye magamba na ncha za mabawa shaba itachungulia mapema. Mwambie sonara apake nikeli kwanza, kisha rodi (rhodium, metali ya thamani) juu yake. Rodi ni ghali, lakini ni ngumu, nyeupe, haifanyi weusi. Nikeli peke yake huelekea unjano kidogo. Kromu ni imara pia, ila haiingii vizuri kwenye mikunjo midogo ya uso wa joka, na uso ndio roho ya sanamu.